Likizo ya Kukwepa Ndugu

Mdogo wangu alikuja Tanga mwezi wa Desemba kunifundisha kupumzika. Hakusema hivyo, lakini ndivyo nilivyomwelewa. Alishuka garini yeye na mumewe, wote wawili wamevaa raba nyeupe kama wagonjwa wa hospitali ya kulipia, wakapakua machungwa ya Muheza ambayo mtaa mzima wa Ngamiani usingeyamaliza, na kabla sijawauliza habari za njiani akaniambia:

"Dada, umechoka wewe. Unaonekana."

Nilikuwa nimetoka kusahihisha mitihani. Mwalimu yeyote wa sekondari huonekana hivyo shule zinapofungwa.

"Mimi sijambo," nikamjibu. "Wewe je, presha?"

Akaweka mkono kifuani, akafumba macho. Presha yake ilikuwa imepanda, na daktari mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amemwambia apunguze mbio. Mtu mwingine akiambiwa hivyo hupunguza chumvi, akalala mapema, akaacha kugombana na watu kazini. Mdogo wangu alifungua kundi la WhatsApp. Alilipa jina la "Polepole", akatutia ndani mimi, mumewe, na mwanamke mmoja wa mambo ya safari ambaye mpaka leo sijamwona uso, na tangu hapo simu yangu haikukaa kimya. Alfajiri nikitoka kuswali nakuta picha ya kitanda cha bembea. Niko darasani nafundisha, inalia: mdogo wangu anauliza kama tunapendelea mashuka meupe au ya rangi ya mchanga. Nimeshaona watu wakiandaa maziko kwa utulivu kuliko yeye alivyoandaa kupumzika.

Alitaka likizo ya taratibu, kwenye kisiwa chenye joto na minazi, mahali ambapo mtu haulizwi kitu. Jioni ile mumewe aliweka kompyuta yake juu ya meza yangu ya chakula, akasogeza kando sahani za futari ya mhogo ambayo nilikuwa sijamaliza kuila. Shemeji yangu ni mtu wa Lushoto, wa milimani, mpole, msafi, na amefanya kazi ofisini miaka mingi mpaka hawezi kuona nafasi tupu bila kutaka kuijaza. Alikuwa ameichora likizo nzima kwa vijumba vya rangi. Kijumba cha kijani kilikuwa kuamka bila kengele. Cha buluu kilikuwa kutembea ufukweni. Katikati ya kila siku palikuwa na kijumba kikubwa cha njano.

"Na hapa pa njano?" nikamuuliza.

"Hapa hatufanyi chochote, shemeji."

"Sasa pameandikiwa nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Pasipoandikwa, utakuta mtu amefanya kitu."

Nikawashauri waende Pangani. Pangani iko karibu, mto upo, bahari ipo, samaki wapo, na mtu akitaka kukaa kimya hakuna atakayemkataza. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Pangani si kisiwa.

"Kwani lazima kisiwa?"

"Kisiwani huwezi kuondoka ovyo," akasema. "Akili inatulia."

"Hata jela huwezi kuondoka ovyo."

Hakucheka. Nikamwonesha kwa dirisha upande wa bandarini, nikamwambia basi mbele ya mji wetu kipo kile kisiwa kidogo chenye magofu na makaburi ya Wajerumani, na sijawahi kusikia mtu akisumbuliwa kule. Hapo hata shemeji aliacha kubonyeza. Unguja ilikataliwa kwa kuwa watu wote wa ofisini kwa mdogo wangu walishakwenda. Mafia ilikuwa mbali. Wakazungukazunguka ramani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mwishowe mdogo wangu akasema, kwa sauti ya mtu aliyevumbua nchi:

"Pemba!"

Sisi tumezaliwa Pemba. Nyumba ya mama yetu ilikuwa katikati ya mikarafuu, na mimi niliondoka pale nilipoolewa Tanga. Mama alipofariki nikamchukua mdogo wangu, akasoma shule nyumbani kwangu, halafu akapanda basi la Dar es Salaam na akili zake zote. Kule kijijini amebaki mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama, pamoja na mwanawe na mkewe na wajukuu. Mimi huenda kwenye misiba na harusi. Mdogo wangu hutuma salamu.

"Vizuri," nikasema, na kusema kweli moyo ulinifurahi. "Tutafikia kwa mama mdogo."

Wakatazamana, yeye na mumewe, kama watu waliokwisha kulijadili jambo hilo chumbani.

"Dada," akasema mdogo wangu, "tukianza kusalimia ndugu, likizo imekwisha."

Akanieleza. Kila nyumba utapewa chai, na chai ya watu haikataliwi. Kila nyumba kuna mgonjwa, na ugonjwa wake lazima usimuliwe tangu ulipoanza. Kila nyumba kuna kijana aliyemaliza shule anayetafutiwa kazi Dar es Salaam. "Ile si kupumzika, dada. Ile ni zamu." Wao wangefikia hoteli moja ya ufukweni, mbali na kwetu, wakae, walale, waondoke. Ndugu wasingejua.

Pemba, ndugu wasijue! Pemba ukikohoa Mkoani, Konde wanakuombea dua. Nilimwambia hivyo, akasema nyakati zimebadilika. Nilimwuliza kama anaona sawa kulala hotelini kwenye kisiwa alichozikwa mama yake, akasema kwa sauti ya kitabu kimoja cha kupunguza mambo alichokuwa akitembea nacho kwamba mtu lazima ajifunze kuweka mipaka. Tena akaniomba nifuatane nao, nami nipumzike, kila kitu juu yao. Ningependa kusema nilikubali kwa mapenzi ya udugu. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuona.

Matayarisho yalichukua siku kadhaa za kukimbia madukani. Mdogo wangu alinunua kofia pana kama ungo, jamvi la plastiki la kunyooshea viungo, na mafuta ya kuzuia jua. Mtoto aliyeanikwa na jua la Pemba kutwa nzima akifukuza kuku kwenye karafuu, leo anajipaka mafuta jua lisimjue. Nilimkuta anamfokea fundi cherehani kwa simu kwa sababu gauni lake la kupumzikia lilikuwa halijaisha. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

Tulivuka kwa boti. Shemeji, ambaye kwao maji mengi kabisa ni yale ya mtoni chini ya mgomba, alikaa safari nzima uso ndani ya mfuko wa plastiki. Mkewe alimpapasa mgongo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapiga picha bahari, akaituma kwenye kundi: Polepole imeanza. Simu ya shemeji ikalia mfukoni mwake mwenyewe, akatapika tena.

Tulipokaribia gati, mdogo wangu akavaa miwani nyeusi mikubwa, akashusha ile kofia, na juu yake akazungusha mtandio. Akapita bandarini kajiinamia kama mwizi wa kuku. Mchukuzi mmoja mzee, aliyekwisha kubeba sanduku langu begani, akamtazama, akanitazama mimi, kisha akamwambia:

"Karibu nyumbani, mama."

Tulipoingia kwenye gari la hoteli mdogo wangu akanishika mkono. "Anakujua yule?"

"Hapana."

"Mbona amesema nyumbani?"

"Kaona sura," nikamwambia. "Sura haivikwi miwani."

Hoteli ilikuwa nzuri, sitaki kuisingizia. Ilikuwa nzuri kwa namna ya mtu anayecheza umaskini akiwa na akiba benki. Vyumba vimeezekwa makuti, makuti yale yale ambayo mama yetu alipoyashusha akaweka mabati alipika pilau akaita majirani. Taa zilikuwa hafifu makusudi. Kiti cha chumbani kwangu kilikuwa kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, bila mbuzi. Jioni tuliletewa mhogo wa nazi katika kibakuli cha kiasi cha kikombe cha kahawa, na juu yake jani moja, na mhudumu akasimama kutueleza kwamba hiki ni chakula cha asili cha hapa. Mdogo wangu akamsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe!"

Nikameza jani langu.

Asubuhi yake wakaanza kazi ya kupumzika. Shemeji aliifuata ratiba yake kama askari. Wakati wa kutembea ulipofika alitembea. Wakati wa njano ulipofika alilala chali kwenye kitanda cha ufukweni, mikono ubavuni, macho yametazama mnazi, na kila baada ya kitambo akaangalia saa kuona kama amekwisha kutofanya chochote. Mdogo wangu hakufika hata hapo. Hoteli ilikuwa imejisifu kwamba vyumbani hakuna mtandao, wageni waachane na dunia, naye alikuwa ameisifu kwa hilo kwenye kundi kwa maneno mengi. Sasa nilimwona akizunguka minazi, simu ameinua juu, akitafuta mtandao kama mtu anayetafuta kibla. Alipoupata nyuma ya jiko, karibu na mapipa ya taka, alisimama hapo hapo akagombana na mtu wa ofisini kwake mpaka wapishi wakafunga dirisha.

"Kuna nini?" nilimwuliza aliporudi.

"Hakuna. Wanashindwa tu bila mimi."

"Basi si ulikuja ili washindwe bila wewe?"

Akaniambia mimi sijui mambo ya ofisi, na hilo ni kweli, Mungu amenihifadhi.

Siku iliyofuata tulikuta ubao mlangoni mwa ukumbi wa chakula, umeandikwa kwa chaki: ziara ya kijijini, mjionee maisha halisi ya kisiwani. Mdogo wangu akausoma, uso ukamng'aa. Alikuwa amekwisha kuchoka kupumzika lakini hakujua aliseme vipi.

"Twende, dada. Tuone maisha halisi."

"Wewe si umezaliwa ndani yake?"

"Nilikuwa mdogo. Sikuyaona."

Shemeji hakuja, maana ziara haikuwa na kijumba. Tukapanda gari mimi na mdogo wangu, pamoja na mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, watu wa adabu waliotusalimia "jambo" kila tulipokutana macho. Mwongozaji alikuwa kaka mmoja mcheshi wa mjini Chake. Alitueleza habari za kisiwa kwa Kiingereza, na mdogo wangu akauliza maswali, akauliza hata karafuu huvunwa vipi. Mimi nilitazama njia. Tulipita soko, tukapita msikiti mweupe wenye ngazi, tukakata kulia penye mfenesi mkubwa karibu na shule. Nikamgusa mdogo wangu goti.

"Unajua tunakokwenda?"

Akachungulia dirishani. Akavua miwani. Nikaona rangi inamtoka usoni kidogo kidogo.

"Dada, hapana."

"Ndiyo."

"Mwambie dereva asimame."

"Mwambie wewe," nikamjibu. "Mimi niko mapumzikoni."

Gari likaingia uani kwa mama mdogo.

Ua ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya chelewa inaonekana. Majamvi yalikuwa yametandazwa, karafuu juu yake, nyingine bado zina uwekundu, nyingine zimeshakuwa kahawia. Ukutani palikuwa na benchi jipya la wageni ambalo mimi sikuwahi kuliona. Na juu ya kigoda, amejifunga kanga ambayo haijafuliwa hata mara moja, vipuli vya dhahabu masikioni, alikuwa amekaa mama mdogo, akisubiri watalii. Hakuwahi kuniambia hata siku moja kwamba anafanya biashara hiyo. Kumbe si sisi peke yetu tuliokuwa na siri.

Aliniona mimi kwanza. Kisha akaiona kofia, na chini ya kofia akamwona mwana wa dadaye. Uso wake haukutikisika. Kwa uso huo huo aliozesha mabinti zake wote na akamzika mume, na nakumbuka mpaka leo watu walivyoshindwa kujua lini alikuwa na furaha na lini alikuwa na msiba.

Mdogo wangu akashuka, akasogea mbele, akainama.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo akamgeukia mwongozaji. "Wambie wageni wako," akasema taratibu, "hapa kwangu wageni hawaamkii. Wageni hukaa, wakaoneshwa, wakapiga picha."

Akatuonesha benchi kwa kidole.

Tukakaa. Mzungu na mkewe katikati, mdogo wangu mwisho kabisa, kofia magotini. Mwongozaji alitutazama mara mbili tatu, akahisi kitu, lakini kazi ni kazi, akaanza kufasiri. Na mama mdogo akaanza kusema uongo.

Sijapata kusikia uongo mtamu kama ule. Alisema msichana wa Pemba haolewi mpaka apande mkarafuu hadi kileleni na kushuka na shada mdomoni. Mama mdogo mwenyewe hajawahi kupanda hata ngazi ya dari; akitazama chini kutoka kitandani huona kizunguzungu. Akasema karafuu zikianikwa na mtu aliyegombana na jirani huoza. Akasema bibi yake alikuwa akinusa karafuu moja tu akajua imetoka shamba la nani, na mwenye shamba anadaiwa nini. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alikuwa hanusi chochote kwa ajili ya ugoro. Yule mama wa Kizungu alikuwa mdomo wazi.

"Na wambie hivi," mama mdogo akaendelea, macho kwenye ile kofia. "Kwa mila yetu, ntu akipita mlangoni kwao asiingie, meno humtoka. Moja moja. Huanzia ya mbele."

Mwongozaji akasita. Kisha akafasiri. Yule mama wa Kizungu akajishika mdomo.

Nilikuwa nimeuma mtandio wangu nisicheke. Nilikuwa na furaha mbaya moyoni, furaha ya mtu aliyesema kitu mapema na sasa anakiona kinatokea mbele yake kwa bei ya tiketi ya mwingine. Mdogo wangu alikuwa amekaa wima kama yuko kwenye mahojiano ya kazi.

"Sasa nataka mgeni mmoja aje ajaribu kuchambua," akasema mama mdogo. "Yule pale. Mwenye nywele za dukani."

Mdogo wangu akaenda akakaa chini mbele yake, gauni la kupumzikia na yote, akapewa mashada mabichi. Kazi ya kuchambua ni kuzitenga karafuu na makonyo yake, yaani vile vijiti vinavyozishika. Unalikamata shada mkononi, unalibana kwenye kiganja, unalizungusha, karafuu zinaanguka upande huu na konyo unalitupa upande ule. Asiyejua huzivunja vichwa. Mdogo wangu alilishika shada la kwanza vibaya. La pili pia. La tatu mkono ukakumbuka wenyewe. Nikasikia ule mlio mdogo wa karafuu zikidondoka kwenye ungo, haraka haraka, wala hakuwa akitazama mikono yake.

Wazungu wakapiga makofi. Mama yule akasema kitu.

"Anasema mwenzake huyu ana kipaji," mwongozaji akafasiri. "Amejifunza upesi mno."

"Kipaji!" mama mdogo akasema. "Kafunzwa kwa bakora huyo. Bakora zangu mimi."

Hapo mdogo wangu akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Aliendelea kuchambua, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, kamasi nazo, na yule mzee wa Kizungu, asijue afanye nini na mikono yake, akampiga picha.

Mama mdogo akamwambia mwongozaji awapeleke wageni nyuma wakaone mdalasini na pilipili manga. "Hawa wawili waache," akasema. "Hawa miti wanaijua."

Tulipobaki wenyewe, kutoka jikoni mke wa binamu yetu alichungulia, akatuona, akarudi ndani upesi. Najua kwamba kabla hatujatoka pale kijiji kizima kilikuwa na habari.

"Marahaba," mama mdogo akasema mwishowe, akijibu ile salamu. "Haya. Nani kakwambieni Pemba ntu mwenye kwao hulala hoteli?"

Nilisubiri mdogo wangu aseme uongo. Alikuwa nao mwingi, angeweza kusema ni kazi ya ofisi, angeweza kunisingizia mimi. Akajifuta uso kwa kiganja chenye harufu ya karafuu, macho yakamwasha, akasema:

"Nimechoka, mama mdogo. Ninaumwa presha. Nikija hapa lazima nimsikilize kila mtu, na mimi sina tena nguvu ya kusikiliza. Nilitaka nikae mahali nisiwe dada wa mtu wala mtoto wa mtu."

Nilidhani mama mdogo atamfokea. Badala yake aliokota konyo moja kwenye kanga yake, akalitupa.

"Na mimi nimechoka," akasema. "Tangu nizaliwe nachoka. Mimi nani kanipeleka hoteli?"

Mimi, niliyekuwa nikicheka chini ya mtandio, nikajikuta natazama majamvi. Kila msiba na kila harusi nimekuja hapa, nimeketi, nimepikiwa na mwanamke huyu, nimeondoka na mfuko wa ndizi. Haikunipitia akilini kwamba naye angetaka kukaa mahali akapikiwa.

"Basi kesho njoo wewe," mdogo wangu akasema. Nadhani lilimtoka tu.

"Gari linakuja saa ngapi?" akauliza mama mdogo.

"Lakini karafuu? Na wageni wa kesho?"

"Wageni utawapokea wewe. Kuchambua si unajua?"

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi gari la hoteli lilipokwenda kijijini lilimchukua mdogo wangu, na liliporudi lilimleta mama mdogo na mkoba wake mweusi wa harusini. Aliingia ukumbini akitazama kila kitu kama mkaguzi wa afya. Aliliona bwawa la kuogelea, akasimama.

"Bahari ile pale," akaniambia, "na hawa wakachimba kidimbwi?"

Kisha akachagua kitanda cha ufukweni kilichokuwa na kivuli kizuri kuliko vyote, ambacho shemeji alikuwa ameweka taulo lake, akalisogeza taulo, akavua makubadhi, akajifunika kanga usoni, akalala. Aliamka adhuhuri akaswali, akala kila alichowekewa, akaomba kingine, akalala. Alipoamka alasiri nikamletea maji ya dafu, nikaanza kumpa habari za watu wa Tanga, nani kaoa, nani kalazwa.

"Mwanangu," akasema bila kufumbua macho, "hayo utaniambia nikirudi nyumbani."

Simu yake ndogo ya tochi ililia mkobani. Akaitoa, akalitazama jina, akairudisha. Shemeji alikuwa amekaa kando akimwangalia kama mwanafunzi.

"Mama mkwe," akamwuliza kwa heshima kubwa, "ukilala hivyo, kichwani unafanya nini?"

"Nalala," mama mdogo akamwambia.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa juu ya kigoda uani, amejifunga kanga, akiwadanganya watalii. Jioni alirudi na vidole vyeusi, amekunywa chai katika nyumba zote za mtaani, amesikiliza ugonjwa wa sukari wa binamu yetu tangu ulipoanza, na ameahidi kuwatafutia kazi vijana asiowajua. Yote aliyokuwa ameyatabiri yalimkuta, tena kwa mpigo. Sitasema yalimponya, maana hayakumponya. Alikuwa mkali, miguu imemvimba, na alipokuta mama mdogo amelala kwenye kitanda chake, na mumewe amehamishiwa barazani, alikuja kulala kwenye godoro la chini chumbani kwangu. Asubuhi alikwenda tena. Nilimwuliza kwa nini, naye akaniambia kwa hasira kwamba mvua ikitokea nani atazianua karafuu. Wapo watu wanaojua kukaa na wapo wasiojua, na hilo halifundishwi na daktari wala kitabu.

Siku ya kuondoka mama mdogo alikataa kurudi kijijini. Alisema hajapata kuiona Tanga, na kwamba mimi nimeishi huko umri wote huo na sijawahi kumwalika ila kwa mdomo. Tukamkatia tiketi. Botini alikaa karibu na shemeji, akamshikia mfuko.

Mdogo wangu na mumewe wamesharudi Dar es Salaam. Huko, nasikia, anawasimulia watu wa ofisini habari za likizo ya taratibu, na picha anazo: minazi, bwawa, kanga imefunika mtu. Mimi, ambaye likizo sikuiomba, ndiye niliyebaki na mgeni. Shule zimefunguliwa. Nikitoka asubuhi namwacha barazani kwangu, amenyoosha miguu, na nikirudi na madaftari yangu namkuta hapo hapo, amezungukwa na majirani, anawaambia kwamba watu wa Tanga ni wazuri, tatizo lao hawajui kupumzika. Wanamsikiliza kwa makini. Jirani wa mkono wa kushoto, mwanamke ambaye tangu nimjue hajawahi kukaa chini kabla ya magharibi, ameanza kuulizia boti ya Pemba.